Muhindi haingojake mutu: mahindi mabichi katika lupango za Katanga

Kila mwaka mvua ikikolea, mji wa Lubumbashi unageuka shamba. Pita Katuba, pita Kenya, pita Ruashi: kila lupango yenye nafasi ya hatua tano imejaa mahindi, na mengine yanasimama mpaka kando ya mifereji ya barabara. Ikifika mwezi wa pili na wa tatu, harufu ya mahindi ya kuchoma inasikika kwenye kila njia panda, na jioni katika nyumba nyingi kuna sufuria moja inayotokota polepole juu ya mbabula. Mgeni akiona hivyo anadhani ni chakula cha kudanganya njaa tu, kitu cha batoto. Sisi wenyewe mara nyingi tunasema vile vile: “Tumekula paka mahindi.” Yaani hatujakula.

Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba neno hilo halina haki. Tutaeleza kwanza namna muhindi ulivyofika kwetu, kisha namna ulivyogawanyika mara mbili: muhindi wa unga, uliokuja katika miji yetu kama posho ya kampuni, na muhindi mubichi, unaopikwa mzima na maganda yake, uliobaki mikononi mwa wamama. Wa kwanza una historia iliyoandikwa katika vitabu. Wa pili haukuandikwa na mutu, lakini ndio wenye ufundi, na ufundi huo unaanza kupotea mbele ya macho yetu.

1. Majina ya muhindi yanatufundisha nini

Muhindi si mzaliwa wa Afrika. Wachunguzi wa mimea wanakubali kwamba ulianza kulimwa kule Meksiko, karibu miaka 9000 iliyopita, kutokana na jani la porini lenye punje chache na ngumu. Wakulima wa kule, kizazi baada ya kizazi, walichagua mbegu nzuri zaidi, mpaka lile jani likawa muhindi tunaoujua. Baada ya safari ya Christophe Colomb ya mwaka 1492 ulivuka bahari ya Atlantika. Wareno, ambao walikuwa wamefika kwenye mlango wa mto Kongo tangu Diogo Cão, karibu mwaka 1482, ni kati ya wale walioueneza kwenye pwani za Afrika.

Mwaka 1591 kilichapwa kule Roma kitabu cha Filippo Pigafetta, kilichoandikwa kufuatana na habari za Mreno Duarte Lopes, aliyekuwa ameishi katika ufalme wa Kongo. Ndani yake muhindi unaitwa masa ma Mputu, maana yake nafaka ya Ureno, na inasemwa kwamba ulikuwa nafaka ya heshima ya mwisho, ya kulisha nguruwe. Kumbe dharau ya “paka mahindi” haikuanza leo!

Upande wa mashariki, watu wa pwani ya bahari ya Hindi waliita nafaka hiyo muhindi, yaani kitu cha Wahindi, ijapokuwa haikuzaliwa India hata kidogo. Waitalia nao waliiita nafaka ya Waturuki. Tunaona basi kwamba kila taifa lilimpa muhindi jina la jirani aliyedhaniwa kuuleta. Katika nchi yetu, Tshiluba inasema matala, Lingala masangu, na ndugu zetu wanaosema Kibemba wanasema amataba. Majina hayo mengi yanatuonyesha kwamba muhindi haukuingia kwa mlango mmoja. Ulitembea mkononi mwa watu wengi, kijiji kwa kijiji, mpaka ukawa wetu.

Daktari Livingstone alikaa katika nchi ya Manyema tangu mwaka 1869 mpaka 1871. Katika daftari zake aliandika kwamba watu wa kule walikuwa na mahindi mengi sana, na kwamba waliyafunga kwa maganda yake yenyewe juu ya kamba za msituni zilizovutwa kati ya miti, hata ikawa kama ukuta mrefu wa mahindi mbele ya kijiji. Tulishike jambo hilo. Kwa watu hawa ganda la muhindi halikuwa takataka. Lilikuwa kamba yake na nguo yake. Tutalirudilia tukifika jikoni.

Lakini tusidhani kwamba zamani chakula kilijaa siku zote. Mwisho wa mwaka 1891, safari ya kapiteni Stairs ilipofika Bunkeya, kwa mwami Msiri, ilikuta njaa kali. Vita na Basanga vilikuwa vimevuruga mashamba. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na katika wiki zilizofuata watu wengi, wenyeji pamoja na wapagazi wa safari hiyo, walikufa kwa njaa. Tuangalie miezi: Desemba, Januari. Ni miezi ile ile ambayo mpaka leo, kule mugini, ghala zinalia utupu na mahindi mapya bado hayajajaza punje. Ndiyo sababu muhindi mubichi wa kwanza wa mwaka haukuwa kitu cha mchezo. Katika vijiji vingi vya upande wetu haukuliwa kabla wakubwa hawajatoa sehemu ya mababu. Mutu aliyevunja muhindi wa kwanza kwa siri alionekana sawa na mwizi, hata kama shamba lilikuwa lake.

2. Muhindi wa posho

Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini, kwenye Rhodesia, ilifika Elisabethville, mji uliokuwa unaanzishwa mwaka ule ule. Kampuni ilihitaji mikono maelfu, na mikono hiyo ilihitaji kula. Lakini katika nchi iliyozunguka migodi wakulima walikuwa wachache. Kwa hiyo magari-moshi yaliyopeleka shaba upande wa kusini yalirudi na magunia ya mahindi na ya unga.

Hapo ndipo neno posho lilipoingia katika maisha yetu. Posho ni sehemu ya chakula ambayo mfanyakazi alipimiwa na bwana wake. Ilitolewa kwa wiki, na alama yake ilibaki mpaka katika Lingala, ambamo mposo maana yake ni wiki. Ni jambo la kushangaza: wakati wenyewe ulipata jina la gunia la unga!

Kabla ya hapo wazee wetu wengi walisonga bukari ya mtama, ya uwele au ya muhogo, kila mutu kufuatana na udongo wa kwao. Migodi ilifanya unga mweupe wa mahindi kuwa chakula cha kila siku. Ukiuliza leo mwana-Lubumbashi bukari ni nini, atakujibu: ni unga wa mahindi. Hajui kwamba jibu lake limetoka katika kitabu cha hesabu cha kampuni.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilibadilisha siasa yake. Badala ya kuleta vijana kwa miezi michache na kuwarudisha, ilitaka mfanyakazi akae kambini pamoja na bibi yake na watoto. Wanawake hao hawakuja mikono mitupu. Walikuja na jembe, na ndani ya fundo la kitambaa walikuja na mbegu: maboga, karanga, maharagi, mahindi ya kwao. Nyuma ya nyumba za matofali zilizopangwa mistari, walilima. Unga wa posho ulikuwa na kipimo, ulikuwa na siku, ulikuwa na karani wa kuandika. Muhindi wa nyuma ya nyumba haukuwa na karani. Mama alitoka, akaangalia, akavunja, akapika.

Tunaomba msomaji ashike tofauti hiyo, maana ndiyo kiini cha habari yetu. Unga wa gunia umekwisha kuwa unga: awe mpishi hodari au mzembe, utamu wa nafaka ile uliamuliwa mbali na yeye, siku nyingi zilizopita. Lakini muhindi mubichi unamtegemea mutu anayeukaa karibu. Hakuna kampuni inayoweza kuugawa kama posho, kwa sababu hauwezi kungoja.

3. Unga unapokatika

Historia iliyofuata wengi wetu tunaikumbuka. Mwaka 1967 Union Minière ilichukuliwa na serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mambo ya unga kwa wafanyakazi yaliendelea. Katika miaka ya 1970 serikali ilianzisha programu ya taifa ya mahindi, iliyofanya kazi yake pia kwenye shamba la uchunguzi la Kaniameshi, karibu na Lubumbashi, na wakulima wakapata mbegu mpya kama ile iliyoitwa Kasai 1. Kutoka ng'ambo ya mpaka zilikuja mbegu nyingine za kizungu, watoto wa ile SR52 iliyotolewa Rhodesia ya Kusini mwaka 1960, yenye muhindi mrefu na punje nyeupe kubwa.

Kisha mwendo ulivunjika. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka kule Kolwezi. Mwaka 1991 ulikuja uporaji katika miji. Kazi ya shaba ilianguka, mishahara ikakawia, na mwaka 2003 wafanyakazi 10.655 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Watu wa miji ya shaba, waliokuwa wamezoea kipimo cha mwezi, walijikuta mbele ya udongo wa lupango yao. Ndipo mahindi yalipopanda mpaka dirishani. Kile kilichokuwa bustani ya mama kikawa tumaini la nyumba nzima.

Na mpaka sasa mambo hayajatulia. Mwaka 2024 ukame mkubwa ulipiga Zambia, na serikali yake ikautangaza kuwa msiba wa taifa. Sisi huku tuliona tena hatari ya kutegemea magunia yanayopita Kasumbalesa. Basi lupango si mapambo. Ni sehemu ya ghala letu.

4. “Haya maindi ililala wapi?”

Tutoe sasa shuhuda la nyumbani. Nkambo wetu mwanamuke alikuwa na desturi moja iliyotushangaza tulipokuwa watoto. Siku ya kula mahindi, hakuanza kwa kuvunja mahindi. Alianza kwa kuwasha moto. Alibandika chungu, akangoja maji yaanze kuimba, ndipo alipotutuma shambani: “Mwende mbio. Muhindi haingojake mutu.” Siku moja tulitaka kujionyesha wenye akili. Tulivunja mahindi asubuhi, tukayaweka juani kando ya mlango, ili jioni kazi iwe nyepesi. Yakapikwa vizuri, na chumvi, kila kitu. Nkambo akauma mara moja, akatafuna, akatuangalia, akauliza: “Haya maindi ililala wapi?”

Hatukujua alitambua namna gani. Tulidhani ni uchawi wa wazee. Ilitubidi tufike masomoni ili tuelewe kwamba alikuwa anasema ukweli wa sayansi. Punje ya muhindi mubichi ina sukari. Kazi ya mmea ni kugeuza sukari hiyo kuwa wanga, ile itakayokuwa unga, ili mbegu iwe na akiba ya kuota. Ukivunja muhindi, kazi hiyo haisimami. Inaendelea ndani ya punje, na joto linaiharakisha. Wataalamu waliopima mahindi matamu waliona kwamba kwenye joto la digri 30, katika siku moja tu, karibu nusu ya sukari inapotea. Mahali pa baridi kazi hiyo inakwenda polepole. Basi muhindi uliolala juani haukuoza, wala haukuharibika. Umekwisha kuwa unga kidogo. Moto mkali ndio unaosimamisha mwendo huo, na ndiyo sababu ya kubandika chungu kwanza.

Tunaposema kwamba wazee hawakujua sayansi, tuangalie vizuri. Hawakujua jina la wanga. Lakini walijua saa yake.

5. Namna ya kuchagua, kutokosa na kuchoma

Tuandike hapa yale tuliyopokea kwa nkambo na kwa wamama wengine wa kartie yetu, pamoja na yale tuliyoyajaribu sisi wenyewe.

Kuchagua. Usivue muhindi nguo sokoni ili uuangalie. Ukiisha kufungua maganda unaanza kukauka. Angalia nywele: zikiwa bado nyeupe na laini, muhindi ni mtoto, zikiwa za rangi ya kahawa na zimeanza kukauka kwenye ncha, wakati ganda lenyewe liko kijani kibichi, umefika. Shika kwa mkono usikie kama umejaa mpaka juu. Kama ni shamba lako, fungua ncha kidogo na ubonyeze punje moja kwa ukucha. Ikitoka maji matupu, ngoja siku chache. Yakitoka maziwa, vunja. Ikitoka kama uji mzito, huo ni wa kuchoma, si wa kutokosa. Usipotoka kitu, uache ukauke, ni wa unga.

Kuvunja. Saa nzuri ni asubuhi mapema, umande ukiwa bado, au jioni jua likiisha kushuka. Kama haiwezekani kupika mara moja, uache muhindi ndani ya maganda yake yote, uufunike na kitambaa kibichi, uuweke kivulini mahali pa baridi.

Kutokosa. Toa maganda magumu ya nje, lakini bakiza mawili au matatu ya ndani, yale laini. Toa nywele na uzioshe. Tandika maganda safi chini ya sufuria, pamoja na nywele zile, upange mahindi juu yake, umwage maji yanayochemka mpaka nusu ya mahindi, kisha ufunike tena na maganda na kifuniko kizito. Hivyo muhindi unapikwa kwa maji na kwa mvuke pamoja, na harufu ya ganda inarudi ndani ya punje. Anayevua muhindi na kuuzamisha uchi ndani ya maji mengi anamwaga utamu pamoja na maji. Kwa muhindi wa maziwa, uliovunjwa sasa hivi, robo ya saa inatosha. Ule uliokomaa zaidi unaweza kuomba nusu saa mpaka saa nzima.

Kuhusu chumvi kuna ubishi. Wamama wengi wanasema kwamba ukiitia mwanzoni ngozi ya punje inakaza. Sisi tumejaribu njia zote mbili, na kwa mahindi mabichi sana hatukuona tofauti kubwa ya ugumu. Lakini tumeona kwamba chumvi inashika vizuri zaidi ikitiwa mwishoni, moto ukiisha kupunguzwa, na mahindi yakiachwa dakika kumi ndani ya maji hayo yenye chumvi. Usiyatoe mbio. Muhindi unaotolewa na kuachwa kwenye upepo unakunjamana kama vidole vya mwoshaji wa nguo.

Kuchoma. Hapa kosa kubwa ni haraka. Makala lazima yaishe kuwaka na yavae majivu meupe. Ndimi za moto zinababua ngozi na kuacha ndani kubichi. Nkambo alikuwa na njia mbili. Ya kwanza: muhindi na maganda yake yote, uliolowekwa kidogo ndani ya maji, unazikwa katika majivu ya moto mpaka ganda la nje liungue; ukilifungua, punje zimeiva kwa mvuke wake wenyewe. Ya pili: muhindi uliovuliwa unawekwa juu ya mbabula na kugeuzwa bila kuchoka, mstari kwa mstari, mpaka punje zianze kulia. Alikuwa na bakuli ya maji ya chumvi, ndani yake ndimu na pilipili iliyopondwa, na kwa ganda moja lililopasuliwa kama ufagio alipakaza maji hayo juu ya muhindi kabla ya kuutoa, kisha aliurudisha juu ya moto kwa kitambo kidogo ili chumvi ikauke juu ya punje. Muhindi huo unaliwa na karanga za kukaanga. Kule Kinshasa ndugu zetu wanaula na safu. Kila mutu na kwao.

Tunaona kwamba katika kazi hizi zote ganda linarudi kila mara: ni friji yake, ni kifuniko chake, ni ufagio wake wa chumvi. Watu wa Manyema waliotundika ukuta wa mahindi kwa maganda yake, na nkambo aliyepakaza chumvi kwa ganda, walikuwa shule moja.

6. Ugomvi wa mwezi wa pili

Pengine msomaji atasema: kama mambo ni hivyo, tuvune yote mabichi, tule vizuri. Hapana. Hapa kuna shida ya kweli, na tusiifiche.

Kila muhindi unaovunjwa mubichi ni unga ambao hautaonekana mwezi wa sita. Mahindi kumi mazuri, yakikauka, yanaweza kutoa karibu kilo moja ya punje. Mwezi wa pili, katika nyumba nyingi, unga umekwisha na bei yake sokoni imepanda. Batoto wanarudi kutoka masomo. Mama anaangalia lupango, anaona mahindi yamejaa. Baba anaangalia mahindi yale yale, anaona gunia. Tunamfahamu jirani mmoja, mfanyakazi wa zamani wa migodi, aliyehesabu mahindi yake kila jioni kama mwalimu anayehesabu daftari. Jioni moja yalipungua manane. Aliwasha taa, akazunguka lupango akitafuta nyayo za mwizi. Bibi yake aliendelea kuosha sahani. Mwishowe mtoto mdogo ndiye aliyesema: “Tata, ni siye. Mama alitutokoshea.” Yule baba alikaa kimya juu ya kiti chake. Alituambia baadaye kwamba aliona haya kwa sababu moja: alikuwa ametafuta mwizi wa chakula ndani ya matumbo ya watoto wake.

Sisi walimu tunajua upande wa pili wa habari hiyo. Mwezi wa kwanza na wa pili, saa ya nne asubuhi, tunaona darasani vichwa vinavyolala juu ya meza. Si uvivu. Mahindi ya kwanza yakiisha kutoka, vichwa vile vinainuka. Hatuhitaji uchunguzi mwingine ili tujue kama muhindi mubichi ni chakula au si chakula.

Lakini baba yule hakuwa mbaya. Alikumbuka miaka ambayo gunia lilikosekana. Wazee walijua ugomvi huu, na walikuwa na njia ya kuutuliza. Nkambo alipanda mara mbili: mistari michache kwenye mvua ya kwanza kabisa, karibu na jikoni, hiyo ni ya kula mabichi, na shamba lingine nyuma yake, la kukausha, lisiloguswa. Tena alikuwa na sheria nyingine. Mmea wenye nguvu mara nyingi unabeba mahindi mawili, na ule wa juu ndio unaojaa vizuri. Yeye alisema: wa chini wa batoto, wa juu wa ghala. Wa chini ulivunjwa mubichi, wa juu ukaachwa ukauke. Hivyo mmea mmoja ulilisha mwezi wa pili na mwezi wa sita, na katika lupango yake hakuna mutu aliyetafuta nyayo za mwizi.

Kuna na jambo la mbegu. Mahindi ya rangi, yenye punje za zambarau na nyekundu kati ya nyeupe, ambayo nkambo aliyatundika juu ya moshi wa jikoni ili wadudu wasiyaguse, leo hayaonekani sana. Mbegu za dukani zinazaa mingi, na hatuzikatai. Lakini nyingi kati yake zimechaguliwa kwa ajili ya gunia, na ukizipanda mara ya pili nguvu inapungua. Nyumba yenye mistari michache ya mbegu ya zamani, kando na ile ya dukani, haipotezi kitu.

Mwisho

Tumeonyesha kwamba muhindi ulikuja kutoka mbali, ukadharauliwa kama chakula cha nguruwe, ukapimwa kama posho, ukawa bukari yetu ya kila siku. Pembeni ya historia hiyo kubwa, wamama walishika historia ndogo: ile ya chungu kinachobandikwa kabla ya kwenda shambani. Unga unaweza kutoka kwa kampuni, kwa serikali, kwa Zambia. Muhindi mubichi mtamu unaweza kutoka tu kwa mutu anayeishi karibu na shamba lake na kujua saa yake.

Siku hizi tunaona vijana wengi wananunua njiani muhindi uliovunjwa jana, uliovuliwa nguo, uliobabuliwa juu ya ndimi za moto, kisha wanasema mahindi ni magumu, mahindi hayana ladha. Hatuwalaumu. Hakuna aliyewaambia.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mkambo nyumbani, mwulize msimu huu alivyopanga mistari yake na alivyofunika chungu chake, na uandike. Uwapeleke watoto waone nywele za muhindi na wabonyeze punje kwa ukucha. Na siku watakapokuletea sahani, uume mara moja, uwaangalie, uwaulize wanachopaswa kujua kujibu: “Haya maindi ililala wapi?” Wakijibu kwamba hayakulala popote, kazi ya nkambo haikupotea.